Kutambua aina ya kisukari katika zahanati na kituo cha afya: mwongozo kamili kwa watoa huduma wa Dar es Salaam

Katika vituo vingi nilivyopita jijini, kuanzia Mbagala hadi Kimara, rejesta ya wagonjwa wa kisukari imegawanyika kimyakimya katika makundi mawili: "wa sindano" na "wa vidonge". Anayechoma insulini huhesabiwa kuwa na aina ya kwanza, anayemeza metformini huhesabiwa kuwa na aina ya pili, na mambo yanaishia hapo. Mgawanyo huo unatuambia mgonjwa anatumia dawa gani. Hautuambii kongosho lake, kiungo kinachotengeneza insulini, limepatwa na nini. Mtu mwenye aina ya pili anaweza kuchoma insulini kwa miaka, na kijana mwenye aina ya kwanza anaweza kupewa vidonge wiki mbili tatu kabla hajarudishwa amebebwa, hajitambui.

Waliotutangulia walikuwa waangalifu zaidi. Kati ya Juni 1981 na Mei 1987, kliniki ya Muhimbili iliandikisha wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari. Kati yao 272 waliandikwa kuwa wanategemea insulini, 825 kuwa hawaitegemei, na 153 wakaandikwa kwamba aina yao haina uhakika. Kundi hilo la tatu, takribani wagonjwa 12 kwa kila 100, ndilo lililopotea katika rejesta zetu, ingawa wagonjwa wa namna hiyo bado tunawaona, na kwa wingi zaidi, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hatua zinazofuata zimepangwa ili kundi hilo lirudi mahali pake, na kila aliyemo apitiwe tena kwa tarehe inayojulikana.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya tabibu, muuguzi na daktari ambaye mezani pake ana glukometa, dipstiki za mkojo, mzani na futi kamba, na pengine uwezo wa kutuma nje ya kituo sampuli ya HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Dozi na taratibu za tiba zibaki zile za mwongozo wa matibabu wa Taifa.

Hatua ya kwanza: hakikisha kuwa ni kisukari

Hakuna faida ya kubishana kuhusu aina ya ugonjwa ambao mtu hana. Vigezo vinavyotumika ni sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi baada ya kufunga kwa angalau saa nane, au 11.1 au zaidi saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, au 11.1 au zaidi wakati wowote kwa mtu mwenye dalili zilizo wazi. Au HbA1c ya asilimia 6.5 na kuendelea. Asiye na dalili asiandikwe kuwa na kisukari kwa kipimo kimoja. Rudia siku nyingine, ikiwezekana kwa sampuli ya mshipa iliyopimwa maabara.

Neno "kufunga" lina mtego wake. Mgonjwa akikujibu "sijala, daktari", anasema kweli kwa maana yake: hajala. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari aliyoinywa saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kugombania daladala haimo katika hesabu ya chakula. Kwa hiyo usiulize kama amekula, uliza, "Mama, tangu ulale jana usiku, kuna chochote kilichopita mdomoni zaidi ya maji?" Mwezi wa Ramadhani mtego hugeuka: aliyekula daku saa kumi alfajiri na kufika kwako saa tatu asubuhi ana saa tano tu za kufunga, ilhali yule yule akipimwa alasiri amefunga kwa muda wa kutosha.

Kidole nacho hudanganya. Niliwahi kumpima mwanamke anayeuza matunda ya kukatakata, ambaye alikuwa ameacha beseni lake getini kwa dakika chache ili awahi foleni, na glukometa ikasoma 17.4. Hakuwa na kiu, hakuwa amepungua, na alishangaa kuliko mimi. Tulimpeleka bombani akanawa kwa sabuni, akakausha mikono, tukachoma kidole kilekile: 6.2. Ilikuwa embe. Pamba yenye spiriti haiondoi utomvu wa tunda vizuri kama maji na sabuni, na hili lifundishwe hata kwa wanaojipima nyumbani.

Joto na unyevu wa Dar es Salaam huharibu stripi upesi. Kichupa kikiachwa wazi dirishani wakati feni inazunguka, tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake haina maana tena. Upungufu mkubwa wa damu hufanya glukometa isome juu kuliko hali halisi. Sampuli ya mshipa isiyotenganishwa, iliyokaa kwenye kichupa cha kawaida ikisubiri bodaboda ya kuipeleka maabara, hupoteza sukari kwa takribani asilimia 5 hadi 7 kila saa. Tumia kichupa chenye kifuniko cha kijivu na kipeleke mapema.

HbA1c ni kipimo kizuri kinachotumiwa vibaya. Kinapima sukari iliyoganda kwenye himoglobini kwa kipindi cha miezi miwili hadi mitatu, hivyo chochote kinachobadili uhai wa chembe nyekundu hukipotosha: selimundu, kuongezewa damu karibuni, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ugonjwa sugu wa figo, ujauzito. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kukipandisha. Katika nchi ambayo ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, swali la selimundu liulizwe kabla ya kutuma sampuli. Tena kipimo hiki kisitegemewe kwa mtoto, wala kwa yeyote ambaye dalili zake zimeanza ndani ya wiki chache, kwa sababu sukari inaweza kuwa imeshapanda sana huku HbA1c bado haijafika huko.

Hatua ya pili: kabla ya kuuliza aina, tafuta ketoni

Hii ndiyo hatua ninayoiona ikirukwa mara nyingi, na ndiyo inayoua. Kila mwenye sukari iliyozidi 11.1 ambaye ni mtoto au kijana, au amepungua uzito, au anatapika, au anaumwa tumbo, au anahema kwa nguvu, apimwe siku hiyohiyo ketoni, yaani tindikali zinazobaki mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini.

Mvulana wa miaka kumi na mmoja aliletwa na mama yake siku ya Ijumaa mchana. Alikuwa amepitia vituo viwili katika siku tisa: cha kwanza kilimpa dawa ya malaria, cha pili kikampa antibayotiki za sindano kwa "UTI na taifodi". Tumbo lilikuwa linamuuma, alikuwa anahema kwa kina kama aliyekimbia, na midomo ilikuwa imekauka hadi imepasuka. Nilimuuliza mama, "Ameanza lini kuamka usiku kukojoa?" Akasema, "Daktari, huyu siku hizi anakojoa kitandani kama mdogo wake. Na pale chooni, akikojoa tu, sisimizi wanajaa." Aliitoa habari ya sisimizi kama lalamiko la usafi. Glukometa iliandika neno la kuonyesha kuwa sukari imepita upeo wake, na dipstiki ikageuka rangi ya zambarau iliyokolea.

Katika vituo vyote viwili hakuna aliyefanya uzembe wa kupindukia. Homa, kutapika na tumbo kuuma jijini humu huitwa malaria, UTI au taifodi kabla mgonjwa hajakaa kwenye kiti, na mara nyingi jina hilo huwa sahihi. Dawa ya kosa hili ni utaratibu, kwani hasira haitamsaidia mtoto anayefuata: kila mtoto anayetapika, anayehema haraka bila kikohozi, au aliyerudia kukojoa kitandani, achomwe kidole. Ni stripi moja.

Ketoni za mkojo za alama mbili au zaidi, au za damu za milimoli 3.0 kwa lita au zaidi, pamoja na sukari iliyo juu na mgonjwa aliyedhoofu, zichukuliwe kuwa ketoasidosisi, yaani hali ya hatari ya damu kujaa tindikali za ketoni, mpaka hospitali ithibitishe vinginevyo. Hapo suala la aina linasubiri. Weka dripu ya salaini kwa kufuata mwongozo wa Taifa, ukiwa mwangalifu zaidi kwa mtoto kwa sababu maji mengi ya haraka yanaweza kumletea madhara ya ubongo, piga simu hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, na mgonjwa asafiri na mtu anayejua kumwangalia. Usimruhusu aende nyumbani "akajipange".

Dipstiki ina mipaka. Haioni aina kuu ya ketoni inayojaa katika ketoasidosisi, kwa hiyo alama ndogo kwa mgonjwa mahututi isikutulize. Na aliyefunga au aliyetapika siku nzima anaweza kuonyesha ketoni kidogo bila kuwa na kisukari.

Hatua ya tatu: maswali, na lugha ya mgonjwa

Mgonjwa asiye na dharura ana dakika kumi zako. Zitumie kwa maswali badala ya kukimbilia kuandika dawa.

Anza na muda: dalili zimeanza lini, na uzito umeshuka kwa muda gani. Aina ya kwanza kwa kawaida hujitokeza kwa siku au wiki, aina ya pili kwa miezi na miaka. Kwa kuwa wengi hawana rekodi ya uzito, uliza mkanda wa suruali umeingia matundu mangapi, au gauni la harusi ya mwaka jana linamkaaje leo.

Halafu familia. "Kuna mwenye sukari nyumbani?" huleta jibu la jumla jumla. Uliza mama, baba, bibi, babu, mmoja mmoja, na kila mmoja alianza akiwa na umri gani na alikuwa mnene au mwembamba. Familia ambayo vizazi vitatu mfululizo wamepata kisukari wakiwa vijana wembamba, wakakaa miaka na vidonge bila kuzidiwa, inapaswa kukukumbusha kisukari cha jeni moja, yaani kinachotokana na hitilafu ya jeni moja tu.

Kuna mgawanyo wa kienyeji ambao lazima uujue. Wagonjwa wengi watakwambia wana "sukari ya kupanda" au "sukari ya kushuka", kana kwamba ni magonjwa mawili. Usiandike hivyo kwenye kadi, lakini pia usicheke, maana nyuma ya maneno hayo kuna taarifa. Anayesema ana "ya kushuka" mara nyingi ni mtu anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi na anapata vipindi vya kutetemeka na jasho baridi, yaani pengine dozi yake imezidi mahitaji. Kwa mtu aliyeandikwa aina ya kwanza, hiyo inaweza kuwa ishara ya kwanza kwamba kongosho lake bado linafanya kazi nzuri kuliko tulivyodhani.

Kisha dawa zote, zikiwemo ambazo yeye hazihesabu kuwa dawa. Prednisoloni na deksamethasoni hupandisha sukari. Muulize dada au kaka, kwa faragha na bila kumhukumu, kama anatumia mkorogo, kwa kuwa baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina steroidi kali ambayo, ikipakwa mwili mzima kwa miezi, huingia mwilini na kufanya kazi ileile ya vidonge. Kwa wanaohudhuria CTC, yaani kliniki ya huduma na matunzo kwa wanaoishi na VVU, andika mchanganyiko wa ARV na tarehe ya kuanza; zimeripotiwa kesi za sukari kupanda ghafla baada ya kuanza dolutegraviri, na katika baadhi ya wanaotumia ARV, HbA1c husoma chini kuliko ukweli.

Uliza pia kikohozi na jasho la usiku. Mwenye kisukari ana hatari ya kupata kifua kikuu takribani mara tatu ya asiye nacho, na maambukizi makali yenyewe yanaweza kupandisha sukari kwa muda. Aliyekutwa na sukari ya juu akiwa katika wiki za mwanzo za dawa za kifua kikuu apimwe tena baadaye kabla ya kupewa jina la ugonjwa wa maisha.

Mwisho, pombe na tumbo: maumivu ya chembe ya moyo yanayopenya hadi mgongoni, na kinyesi chenye mafuta kinachoelea. Hayo yanazungumzia kongosho lililoharibika.

Hatua ya nne: angalia mwili

Pima uzito, urefu na mzingo wa kiuno. Tazama shingo kwa nyuma na makwapa: ngozi nyeusi, nene, yenye mguso kama wa mahameli, huashiria kwamba mwili hauitikii insulini vizuri, na huelekeza aina ya pili. Wagonjwa wengi hudhani ni uchafu na wameisugua kwa dodoki hadi kuumia, kwa hiyo waeleze. Tazama pia uso uliovimba na michirizi ya zambarau tumboni ambayo huletwa na steroidi, pamoja na macho ya manjano.

Wembamba na unene ni ushahidi, lakini ni ushahidi dhaifu kuliko tulivyofundishwa. Waafrika wengi hupata aina ya pili wakiwa na uzito wa kawaida, na mtoto mnene wa Mikocheni anaweza kupata aina ya kwanza kama mwingine yeyote.

Hatua ya tano: pima uzito wa ushahidi

Aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia seli zinazotengeneza insulini. Ipe uzito mkubwa kwa mtoto au kijana mwenye dalili za ghafla, aliyepungua, mwenye ketoni, na kwa mtu mzima yeyote ambaye vidonge vimeshindwa ndani ya miezi michache huku akizidi kukonda. Umri usikufunge macho: uchambuzi wa kijeni uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba kati ya watu waliopata aina ya kwanza kabla ya kufika miaka 60, takribani 42 kwa kila 100 waliipata baada ya miaka 30. Mwalimu wa miaka 38 aliyekonda kilo kumi kwa miezi miwili si lazima awe na aina ya pili kwa sababu tu ana miaka 38.

Aina ya pili, ambayo mwili hauitikii insulini vizuri, ndiyo itakayojaza sehemu kubwa ya rejesta yako, na kwa mzee mwenye kiuno kipana, shinikizo la damu, ndugu wenye kisukari na hakuna ketoni, huhitaji kujisumbua zaidi.

Ugumu uko katikati. Kuna mgonjwa tunayemwona sana, mara nyingi mwanaume wa miaka thelathini au arobaini, mwenye mwili wa kadiri au mnene, anayeletwa na ketoasidosisi kamili kama mtoto wa aina ya kwanza. Anapewa insulini, anapona, na baada ya wiki au miezi mahitaji yake ya insulini yanashuka hadi anaanza kudondoka kwa sukari ya chini. Hiki ni kisukari cha aina ya pili chenye tabia ya kuleta ketoni, ambacho kimeelezwa sana kwa watu wenye asili ya Afrika. Akiandikwa aina ya kwanza siku ya dharura na asipitiwe tena, atachoma insulini maisha yake yote pengine bila kuihitaji, na kuinunua pia.

Tatizo ni kwamba aina ya kwanza nayo ina kipindi cha nafuu. Miezi michache baada ya kuanza insulini, kongosho hupata ahueni ya muda, dozi hushuka, na familia husema mtoto amepona, kwa maombi au kwa dawa ya mizizi waliyoipata. Wewe unayemwona kwa macho huwezi kutofautisha nafuu hizi mbili mwanzoni. Kwa hiyo kanuni ni hii: dozi ipunguzwe kufuatana na vipimo, lakini insulini isisimamishwe kabisa katika ngazi yetu kwa mtoto, kwa kijana mwembamba, wala kwa yeyote aliyewahi kupata ketoasidosisi, mpaka daktari bingwa amwone na mpango wa kupima ketoni uwepo.

Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wamegunduliwa kuwa na aina ya kwanza kwa dalili za kitabibu. Takribani theluthi mbili yao hawakuwa na antibodi, yaani protini za kinga ya mwili, zinazotarajiwa katika ugonjwa huo. Mtu asisome hapo kwamba vijana hao hawahitaji insulini, wengi wanaihitaji. Kinachosemwa ni kwamba katika bara letu, kijana mwenye upungufu wa insulini anaweza kuwa amefika hapo kwa njia tofauti na ile iliyo vitabuni.

Njia mojawapo inayojadiliwa ni utapiamlo. Kisukari cha kijana aliyekonda sana, mwenye historia ya njaa utotoni, mwenye sukari ya juu sana lakini asiye na ketoni hata akikosa insulini, kilielezwa Jamaika mwaka 1955, kikaingizwa katika mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani mwaka 1985, kikaondolewa mwaka 1999, na Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakiita aina ya tano. Wataalamu bado wanakibishania. Kwa tabibu wa Gongo la Mboto, umuhimu wake ni wa kivitendo: mgonjwa wa namna hii anaweza kuhitaji insulini kidogo tu, na dozi ya kawaida inaweza kumwangusha.

Mengine yanatosha kutajwa kwa kifupi. Mtoto aliyepata kisukari kabla ya miezi sita karibu daima ana kisukari cha jeni moja, na baadhi yao huacha insulini na kutibiwa kwa vidonge vya kundi la glibenklamidi. Apelekwe Muhimbili bila kuchelewa, na madaktari wake wajue kwamba maabara ya Exeter, Uingereza, hupima jeni za watoto wachanga hao bila malipo. Mtu wa makamo au mzee anayepata kisukari kipya huku akikonda, akiwa na macho ya manjano au maumivu ya tumbo, atafutiwe saratani ya kongosho.

Mama mjamzito

Hapa vigezo ni tofauti na kosa la kawaida ni kutumia vile vya watu wengine. Kwa kipimo cha gramu 75 za glukosi, kisukari cha ujauzito kinahesabiwa kuanzia 5.1 hadi 6.9 akiwa amefunga, au 10.0 na kuendelea baada ya saa moja, au 8.5 hadi 11.0 baada ya saa mbili. Mwenye 7.0 na kuendelea akiwa amefunga, au 11.1 na kuendelea baada ya saa mbili, ana kisukari kamili ambacho pengine alikuwa nacho kabla ya kushika mimba. Wengi hupimwa kati ya wiki ya 24 na 28, lakini aliyewahi kujifungua mtoto mkubwa au mwenye mzazi au ndugu wa damu anayeugua apimwe hudhurio la kwanza. Baada ya kujifungua arudie kupimwa kati ya wiki ya 6 na 12. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya mtoto, kwa sababu kadi ya mtoto ndiyo mama atakayoitunza.

Vipimo vya nje ya kituo

Antibodi dhidi ya seli za kongosho, hasa ile ya GAD, zikiwepo kwa kijana mwenye dalili, aina ya kwanza inathibitika. Zisipokuwepo, na kwa kuzingatia utafiti wa 2025, usifute chochote. C-peptidi hueleza kongosho linatengeneza insulini kiasi gani, na faida yake kubwa huonekana baada ya miaka mitatu ya ugonjwa: chini ya pikomoli 200 kwa lita ni upungufu mkubwa unaolingana na aina ya kwanza, juu ya 600 huelekeza aina ya pili, na katikati hubaki na shaka. Ichukuliwe ndani ya saa tano baada ya chakula na sukari ipimwe wakati huohuo. Mapema mno, au mara baada ya ketoasidosisi, kongosho lililozimia kwa sumu ya sukari linaweza kuonekana limekufa.

Vipimo hivi vina gharama, na mgonjwa wa kulipa kutoka mfukoni asitumwe avifuate kama jibu halitabadili tiba. Mgonjwa anayefaa ni yule wa kundi la tatu: mwenye chini ya miaka 35 asiye na alama za aina ya pili, au mtu mzima aliyepata ketoasidosisi na sasa anatumia insulini kidogo sana.

Hatua ya sita: andika, anza tiba, weka tarehe

Andika aina kwa moja ya maneno haya: aina ya kwanza, aina ya pili, nyingine kwa kuitaja, au aina haijathibitika. Mbele yake andika sababu kwa mstari mmoja. Mfano: "Aina haijathibitika. Mwanaume 34, kilo 71, ketoni alama tatu alipoletwa, shingo ina weusi, mama ana kisukari tangu akiwa na 50. Apitiwe baada ya miezi 3." Atakayemwona baada yako, hata akiwa muuguzi mgeni wa zamu, ataelewa uliwaza nini.

Tiba ifuate usalama kuliko jina. Ukiwa na shaka kati ya aina ya kwanza na nyingine, mpe insulini na mpeleke rufaa, kwani insulini isiyo ya lazima hurekebishika, lakini kuikosa kwa anayeihitaji kunaweza kumuua ndani ya siku chache. Usimwanzishie mtu wa kundi hili dapagliflozini au empagliflozini, vidonge vinavyotoa sukari kupitia mkojo. Kwa mwenye upungufu wa insulini dawa hizo zinaweza kuleta ketoasidosisi huku sukari ikiwa karibu na kawaida, na glukometa haitakuonya.

Mwenye aina isiyothibitika aonwe baada ya wiki mbili, kisha miezi mitatu, kisha mwaka. Kila mara angalia mambo manne: uzito umekwenda wapi, dozi imekwenda wapi, ketoni zipo, na sukari imeshuka chini ya 4 mara ngapi.

Hatua ya saba: rudi kwenye rejesta

Wagonjwa wa zamani nao wanahitaji macho mapya. Chagua alasiri moja ambayo si siku ya kliniki, chukua rejesta ya MTUHA (mfumo wa Taifa wa taarifa za huduma za afya) na kadi zilizopo, na utoe kadi za makundi haya: walioandikwa aina ya kwanza lakini wanachoma insulini mara moja tu kwa siku bila kuzidiwa, walioandikwa aina ya pili, wembamba, ambao walihamia insulini ndani ya mwaka wa kwanza, waliowahi kulazwa kwa ketoasidosisi ambao kadi zao hazitaji aina yoyote, na wote waliogundulika kabla ya miaka 30. Tulipofanya zoezi hili kituoni kwetu, kazi ndefu ilikuwa kusoma mwandiko.

Kila kadi iliyotolewa ibanwe kipande cha karatasi ya rangi, irudi kabatini mahali pake, na mwenye kadi asiitwe kwa simu ya kumtisha. Akija siku yake ya kawaida, aulizwe upya maswali ya hatua ya tatu, apimwe ketoni, na mstari mmoja wa sababu uandikwe chini ya ule wa zamani bila kuufuta.